Mkono wa Ndani

Mlango wa chumba cha chuma una mikono miwili. Wa nje ni wa mwenye mali. Wa ndani ni wa mtu yeyote atakayefungiwa humo kwa bahati mbaya: anauvuta, mlango unafunguka, hata kama kufuli limekazwa vipi. Fundi anayejiheshimu hakuwekei mlango wa namna hiyo bila mkono wa ndani. Fundi wa kwanza aliyeitwa na Mzee wa Magodoro aliambiwa autoe, akakataa, akakusanya vifaa vyake akaenda zake. Ndipo nikaitwa mimi.

Sikukataa. Ndiyo kwanza nilikuwa nimefungua karakana yangu, na nilitamani kuwa na nyumba moja kubwa ya kuwatajia watu. Mzee alinieleza sababu yake bila kupepesa macho: "Mtoto wangu akiingia humu kuniibia, nataka nimkute humu humu." Nikacheka, nikidhani ananitania. Nikafungua skrubu nne, nikautupa ule mkono chini kabisa ya sanduku langu la vifaa, na huko ukakaa miaka kumi na mmoja. Nisidanganye kwamba niliusahau. Kila nilipopekua sanduku niliugusa, na kila nilipougusa nilijifanya sijaugusa.

Jumapili moja nilikuwa nimejinyoosha kwenye kochi, vifungo vya shati vyote wazi, simu ikalia. Alikuwa mpishi wa nyumba ile, mama wa maneno machache ambaye kila nilipokwenda kukagua kufuli alinipa chai bila kuniuliza kama nataka.

"Fundi, Mzee kafungiwa chumbani mule. Njoo na kila ulichonacho."

"Watoto wake wako wapi?"

"Wapo hapa wote watatu. Ndiyo maana nakupigia wewe."

Sijui viatu nilivivaa saa ngapi. Njiani mikono ilinitoka jasho hadi usukani ukawa unateleza. Si kwamba nampenda Mzee wa Magodoro. Ana viwanda vitatu, nusu ya mji inalalia bidhaa zake, na sijawahi kumsikia akimwambia mtu asante. Lakini njia nzima niliuona ule mkono wa chuma mbele ya macho yangu. Mzee akifia mule, aliyemuua ni mimi, yeye alinituma tu.

Mpishi alinisubiri getini na aproni yake, kitu amekikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Ilikuwa inhela ya pumu.

"Kaiacha mezani, pembeni ya sahani," alisema. "Hajawahi kuiacha. Leo alikuwa na hasira."

Tukaenda mbio, yeye mbele, akinisimulia kwa vipande vipande.

Nieleze kwanza utaratibu wa nyumba hiyo, maana usipoujua utadhani nawapakazia. Kufuli la chumba kile lina tarakimu sita. Mzee mwenyewe hana hata moja. Mtoto wa kwanza ana mbili, wa pili mbili, wa tatu mbili, kila mmoja alizichagua mwenyewe na hakuna anayejua za mwenzake. Mzee alitaka hivyo ili asiingie mtu humo mpaka watatu wote wawepo, na ili asikosekane mtu mezani kwake. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi wanakula chakula cha mchana, kisha wanasogea kwenye korido. Mmoja anabonyeza zake, wengine wanageukia ukuta kama watoto wa shule walioadhibiwa. Kwa miaka kumi na mmoja wamegeukia ukuta uleule, mpaka rangi imeota madoa matatu ya mafuta ya paji la uso, moja juu, moja katikati, moja chini. Mlango ukifunguka Mzee anaingia peke yake, anauzuia kwa kigoda usijifunge, anakaa dakika tano, anatoka. Anafanya nini humo, hakuna anayejua.

Jumapili hiyo alitangaza jambo kabla hata sahani hazijajaa. "Leo natoa karatasi," alisema. "Mmoja wenu ataichukua kampuni yote. Wawili wataondoka na nguo walizovaa." Akala vijiko viwili, akainuka. Watoto wakamfuata koridoni, wakabonyeza kama kawaida, mlango ukafunguka kama kawaida, Mzee akaingia. Huku nje mkubwa na kitinda mimba wakaanza kurushiana maneno, maneno yakawa vifua, vifua vikawa mikono. Mguu wa mmoja ukapiga kigoda. Mlango ule ni mzito, haungoji kusukumwa.

"Wakabonyeza tena kumtoa," mpishi alisema tukiwa kwenye ngazi. "Taa nyekundu. Wakarudia. Nyekundu."

Nilisimama palepale. "Mara mbili?"

"Mara mbili. Ya tatu nikawaambia wasubiri, nikaenda nyuma ya tangi la maji kukupigia."

Mama huyu hakusomea kufuli, lakini aliniokoa. Kufuli lile likikataa mara tatu linajifunga kwa muda wa saa mbili nzima, na katika saa hizo mbili halimsikilizi mtu, hata mimi niliyeliweka. Kutoboa chuma kile kwa drili ni kazi ya nusu siku. Na chumba chenyewe hakina hata tundu la kupitisha sindano. Mzee wa miaka sabini na minane, mwenye pumu, bila inhela.

"Yumo muda gani?"

"Nusu saa imepita."

Koridoni niliwakuta watatu wamesimama mbalimbali, kila mmoja na pembe yake. Mkubwa tumezoea kumwita Mkurugenzi, hata marehemu mama yake alimwita hivyo. Amevaa suti Jumapili. Wa pili ni Wakili, na ni wakili kweli, alikuwa kando ya chungu kikubwa cha maua, mikono ameikunja. Kitinda mimba alikuwa ameketi sakafuni, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, anajitafuna kucha.

"Nani kamwita huyu?" Mkurugenzi aliuliza.

"Mimi," mpishi alijibu.

"Tutazungumza baadaye."

"Tutazungumza," mpishi alisema, naye hakuinamisha macho.

Sikuwasalimu. Nilibandika sikio kwenye chuma. Ndani, mbali sana, mkongojo ulikuwa unagonga: ngo, ngo, ngo. Kisha kimya. Kisha ngo, ngo. Nikasubiri ya tatu, haikuja.

Nikakagua paneli ya kufuli, waya zake, betri zake. Ilikuwa nzima, haina kasoro. Nusu saa nyuma ilikuwa imewafungulia kwa namba hizohizo. Nikageuka, na sauti niliyotoa ilinishangaza mwenyewe.

"Kufuli ni zima. Kuna mtu hapa anabonyeza uongo."

Ilikuwa kama kuwasha kiberiti. Mkurugenzi alimnyooshea kidole kitinda mimba: huyu huyu, tangu utotoni hajui kusema kweli. Kitinda mimba akaruka juu: mimi? Wewe ndiye uliyekuwa ukimwambia Baba mimi naiba! Wakili akasema kwa sauti ya mahakamani kwamba kwa upande wake amebonyeza sahihi mara zote mbili, na anaomba hilo likumbukwe. Likumbukwe na nani, sijui. Baba yao alikuwa anakosa hewa hatua mbili kutoka walipo.

"Kila mmoja aninong'oneze namba zake," nilisema. "Nibonyeze mimi."

"Hapana!" walisema wote watatu, kwa pamoja, na nadhani lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana mwaka huo.

"Halafu ubaki na namba zote wewe?" Wakili aliongeza. "Fundi, tuheshimiane."

Nilitamani kumzaba kibao. Badala yake nikapiga moyo konde na kufanya kitu ambacho sijawahi kukifanya katika kazi hii. Niliamua kudanganya. Nilidhani nina mwongo mmoja wa kumtafuta, na kwamba nikimtikisa kila mmoja peke yake, wawili watanitukana na mmoja atabadilika rangi. Nikafungua sanduku, nikatoa kipima umeme changu, kidude cha kupimia betri tu, nikakigusisha kwenye paneli, nikakitazama kwa muda na kutikisa kichwa. Kisha nikaanza na aliyekuwa karibu.

"Wakili, njoo huku mara moja."

Tuliingia stoo ya vyombo, nikarudisha mlango. Rafu zilikuwa zimejaa sahani za wageni ambao hawaji.

"Kufuli lina kumbukumbu," nilimwambia. "Kila tarakimu iliyobonyezwa leo nimeiona. Alipoingia Mzee umebonyeza nyingine, baada ya hapo umebonyeza nyingine. Sitamwambia mtu. Ila safari hii weka za kweli."

Nilisubiri matusi. Wakili alifungua mdomo, akaufunga. Akashika ukingo wa rafu, na sahani zikaanza kugongana taratibu.

"Kumbukumbu hiyo inafutika?" aliuliza.

"Inafutika."

"Alhamisi alinipigia simu," alisema, na sauti ya mahakamani ilikuwa imemtoka. "Akaniambia, usitegemee kitu, si wewe. Nimemtetea kesi zake zote tangu nimalize chuo, Fundi. Zote. Si wewe. Nilitaka achelewe tu. Achelewe kuitoa hiyo karatasi."

Nilishusha pumzi. Nimempata, nikasema moyoni. Nikamrudisha koridoni, na nilikuwa tayari kuwaambia wabonyeze. Lakini nilimwona Mkurugenzi akijipangusa jasho shingoni, na koridoni humo mna kiyoyozi. Nikamwita na yeye. Kwa uhakika tu, nikajisemea.

Nikamsomea maneno yaleyale. Hakushika rafu. Alitoa pochi.

"Sema bei yako."

"Sitaki bei. Nataka namba za kweli."

Akairudisha pochi mfukoni polepole, akanitazama kama mtu anayetafuta mlango mwingine. "Ijumaa aliniita ofisini," alisema. "Ofisi ninayokaa mimi, kiti ninachokalia mimi. Akaniambia nianze kufungasha, si mimi. Nina miaka hamsini na miwili. Nitakwenda kuanza wapi?" Akakaza tai yake. "Weka mdomo wako mbali na hili."

Nikamrudisha koridoni. Wawili. Nilipomwita kitinda mimba sikuwa na haja hata ya kumaliza sentensi. Alianza kulia kwenye neno kumbukumbu.

"Jana," alisema. "Alikuja kwangu jana, hajawahi kuja kwangu. Nikampikia. Nikajua kaja kwa heri. Akala, akanawa, akasema, nimekuja nikwambie kwa mdomo wangu, si wewe. Halafu akaniomba nimwitie dereva." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Nilibonyeza tisa badala ya sita. Nilijua hao wengine wataweka za kweli, kwa hiyo nikajua ni mimi peke yangu ninayemzuia. Mimi peke yangu, Fundi. Unajua nilivyokuwa nasikia pale ukutani?"

Nikamwahidi kwamba sitamwambia mtu. Nilikuwa nawaza kwamba kila mmoja wao alisimama pale ukutani, paji la uso kwenye doa lake, akiamini kwamba katika familia nzima muuaji ni yeye tu. Na kila mmoja alirudia mara ya pili.

Nilipotoka mkongojo ulikuwa umenyamaza. Nilibandika sikio, nikabana pumzi. Mpishi alikuwa amebandika lake pembeni yangu, macho yetu yakakutana. Hakuna. Nikapiga mlango kwa nyundo mara tatu. Ikapita muda, kisha ikaja moja, dhaifu, ya chini, ya mtu aliyekaa sakafuni.

"Sasa," niliwaambia. "Mkubwa kwanza."

Utaamini? Waligeukia ukuta. Baba yao anakata roho, nao wakaenda kila mmoja kwenye doa lake, wakampa kichogo anayebonyeza. Mkurugenzi alisita mbele ya paneli, akanitazama. "Na wewe geuka." Nikageuka. Mpishi akageuka pia, inhela mkononi, midomo inamcheza. Ukutani mimi sikuwa na doa, nikaweka paji la uso kwenye rangi safi.

Nikasikia vibonyezo viwili. Hatua. Viwili vingine. Hatua. Kisha kimya kirefu cha kitinda mimba.

"Bonyeza," nilisema nikiwa nimefumba macho.

"Vidole vinatetemeka. Nikikosea?"

"Usikosee."

Kimoja. Kingine. Na katika ile nukta moja kabla kufuli halijajibu, nilimwomba Mungu msamaha kwa skrubu nne.

Likasema klak.

Mzee alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye rafu, mkongojo umelala mapajani. Midomo yake ilikuwa ya kijivu na kifua kilikuwa kinapanda bila kushuka. Mpishi alinipita kwa kasi ambayo sikuijua, akapiga magoti, akamwekea inhela mdomoni, akawa anamhesabia: vuta, Mzee, shika, haya achia. Watoto walisimama mlangoni. Hakuna aliyeingia, labda kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kutazamwa.

Tulimbeba mimi na mpishi hadi mezani, kwenye kiti chake. Karatasi ilimdondoka mkononi, nikaiokota. Sikukusudia kuisoma, lakini ilikuwa na mistari michache tu, imepigwa mhuri na kutiwa sahihi. Kampuni yote, viwanda vyote, anakabidhiwa. Na baada ya hapo, mahali pa jina, palikuwa peupe. Alikuwa amewakataa watatu kwa siku tatu, na hakuwa amemchagua yeyote.

Chakula kilikuwa bado mezani, kimepoa. Wakili alisema daktari yuko njiani. Mzee alivuta inhela tena, rangi ikaanza kumrudi, akawatazama mmoja mmoja.

"Nilisikia mlio wa kukataa," alisema. "Mara mbili. Chuma kinapitisha mlio ule. Watoto wangu wanajua namba zao. Nani?"

Akanigeukia mimi. "Fundi. Nani?"

Wote watatu walinitazama, na kila mmoja alikuwa ananikumbusha ahadi kwa macho. Nilikuwa nimeahidi mara tatu. Lakini nilikuwa nimechoka nao, nimechoka hadi kwenye mifupa.

"Wote, Mzee. Kila mmoja peke yake, na hakuna aliyejua ya mwenzake."

Nilitegemea kilio. Nilitegemea mtu aanguke miguuni pa baba yake. Wakili alimgeukia kaka yake. "Hata wewe?" Mkurugenzi akamtazama kitinda mimba. "Na wewe?" Kitinda mimba alianza kucheka, kicheko cha pua, akajiziba mdomo, na nikaona mabega ya wote watatu yakishuka. Walikuwa wamefarijika. Kwa mara ya kwanza niliwaona wanafanana sura.

Mzee hakulia wala hakukasirika. Alisogeza sahani yake kando, akalaza karatasi mbele yake, akainyoosha kwa kiganja.

"Kalamu," alisema. Wakili akampa. "Mlango umefunguka, kwa hiyo kila mmoja alirudi kwenye kweli. Nani alirudi wa kwanza?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mzee?"

"Wa kwanza kukubali. Nani?"

Wa kwanza alikuwa Wakili. Alikuwa wa kwanza kwa sababu alisimama karibu na chungu cha maua na mimi nilikuwa na haraka. Angesimama penye dirisha angekuwa wa mwisho. Viwanda vitatu vilikuwa vimening'inia kwenye chungu cha maua.

"Wa kwanza ni huyu hapa," nilisema, nikamwonyesha mpishi. "Ndiye aliyenipigia simu. Bila yeye tungekuwa tunakuosha sasa hivi."

Mzee alipunga mkono kama anayefukuza inzi. "Nimeuliza watoto."

Mpishi alikuwa nyuma ya kiti chake, bado anamsugua mgongo. Mkono wake ukasimama. Alifungua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya meza kando ya bakuli la supu, akaenda jikoni.

"Ni mimi, Baba," Wakili alisema. "Fundi aliniita wa kwanza. Wote wameona."

"Kuitwa si kukubali!" Mkurugenzi alipiga meza. "Mimi nilikubali bila hata kubishana!"

"Mimi nililia!" kitinda mimba alipaza sauti. "Kati yenu nani alilia?"

Niliwaacha. Nilirudi koridoni na sanduku langu, nikachimba mpaka chini, nikautoa ule mkono. Ulikuwa na vumbi na kutu kidogo kwenye shingo, nikaufuta kwa shati langu. Kuna skrubu tunazoziita za kwenda tu: bisibisi inazikaza, lakini ukitaka kuzirudisha hainasi, inateleza. Nilikaza nne, kwa nguvu zangu zote, mpaka kiganja kikatoka lengelenge.

Mkono wa ndani haujaribiwi kwa nje. Niliingia, nikauvuta mlango nyuma yangu, ukajifunga.

Kelele zilikatika palepale. Sikuwasikia tena, hata mvumo. Kulikuwa na rafu zenye mafaili, taa ndogo, na alama sakafuni pale kigoda kinapokaa siku zote. Nilisimama hapo nikisikia pumzi yangu mwenyewe, na nikaelewa Mzee alifuata nini humo dakika tano za kila mwezi, kuwa mbali nao wote, na nilichukia kuelewa. Kisha nikashika mkono, nikavuta. Mlango ulifunguka kwa ulaini kabisa, na makelele yakanipokea.

Mzee alikuwa amesimama koridoni, ameegemea mkongojo, watoto nyuma yake. Macho yake yalikuwa kwenye kile chuma kilichong'aa upande wa ndani wa mlango.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Kitoe."

"Hakitoki, Mzee. Na mimi sikitoi."

Mzee alihema, pumzi juu juu. Akainua karatasi, ikiwa bado haina jina.

"Maneno ya mdomo sitaki tena," aliwaambia watoto bila kugeuka. "Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao mimi nitakuwa nje. Mmoja wenu ataingia humu, mlango utafungwa, na wawili watakaobaki nje atawaachia namba zake pia. Wakimtoa akiwa hai, jina lake litaandikwa hapa. Kigoda hakuna. Na hicho chuma hakuna." Akagonga sakafu kwa mkongojo. "Nani ataingia?"

Nilimwona Wakili akimtazama kaka yake, kaka akimtazama mdogo wao, kila mmoja akiwapima wale wawili ambao angewaachia uhai wake. Walikuwa wamejuana vizuri nusu saa iliyopita. Nikasema moyoni, hapa ndipo watakapogeuka, hapa ndipo watakapomwambia Baba, inatosha.

"Mimi," Mkurugenzi alisema.

"Mimi, Baba," alisema Wakili.

Kitinda mimba alikuwa ameshapiga hatua kuelekea mlangoni. "Mimi nimesema kwanza, nilisema kimoyomoyo."

Niliondoka bila kuaga. Nje mpishi alikuwa kwenye ngazi, amevaa viatu vya kutokea, mfuko wa nguo magotini.

"Unapita njia gani, Fundi?"

"Yoyote. Panda."

Getini tulipishana na gari la daktari. Tukashika barabara kubwa. Nikamweleza habari ya zile skrubu, jinsi zinavyokazwa na jinsi zisivyorudi, nikieleza mara mbili mbili, kwa furaha ya mtu aliyelipa deni. Alisikiliza yote, akitazama mbele.

"Umefanya vizuri," alisema mwishoni. "Lakini wataita fundi mwingine."

Miaka kumi na mmoja nyuma, fundi mwingine nilikuwa mimi.